Mnywa Sere, mtemi aliyenyang'anywa kiti akapewa ndugu yake

Wadau, ukitaja historia ya Tabora kila mtu anakimbilia Mirambo, au lile tembe la Kwihara alilokaa Livingstone. Mimi leo namleta Mnywa Sere, maana yaliyompata yanauma.

Huyu alikuwa mtemi wa Unyanyembe, pale pale misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa inapumzika kati ya Bagamoyo na Ujiji. Alikalia kiti baada ya Mtemi Fundikira kufariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Kijana, damu inachemka, akaamua Waarabu walipe ushuru wa bidhaa zao. Kwa mtazamo wangu hakukosea, nchi si yake? Ila jamaa walikuwa na bunduki, wakamng'oa mwaka 1860.

Sasa sikia. Waarabu wasingeweza kukalia wenyewe kiti cha Wanyamwezi, ilibidi wapate mtu wa damu ya kitemi. Wakampata Mkasiwa, ndugu wa ukoo huo huo. Naye akakubali!

Mnywa Sere akaingia porini na watu wake, biashara ikavurugika njia nzima. Hata Snay bin Amir, tajiri mkubwa wa Kazeh, aliuawa kwenye vita hivyo. Mwaka 1861 akakutana na Mwingereza Speke, aliyekuwa anakwenda kutafuta chanzo cha Nile. Hebu fikiria, mtemi mzima anamwomba mgeni mpita njia akampatanishe na wale wale aliowatoza ushuru. Mimi hapo naona majuto matupu. Speke alijaribu kweli, lakini mazungumzo yakakwama kwa Mkasiwa. Mnywa Sere anataka kiti chake, Waarabu hawataki kumtoa mtu wao.

Basi akabaki wa kukimbizwa. Miaka mingine minne, unalala hapa unaamkia kule, na nyumbani ndugu yako ndiye anayeamkiwa mtemi. Hata mwenye akili ya chuma angechanganyikiwa. Mwaka 1865 wakamuua.

Mkasiwa alitawala mpaka 1876, akafuatiwa na mwanae Isike. Kumbe na Isike naye akagombania ushuru wa misafara! Januari 1893 Wajerumani walipoivamia boma yake, akajilipua kwa baruti. Halafu Wajerumani nao wakatafuta mtu wa ukoo ule ule, wakamweka Nyaso.