Abebe Bikila: Mkimbiaji Aliyevua Viatu, Kisha Akavivaa



Kabla ya kuomba michango, tumezoea kusimulia maisha ya mtu mmoja wa kujifunza kwake. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Mbulu wala Tanzania, lakini jina lake halikosi kutajwa kwenye vikao vyetu. Kila tunapofika ajenda ya raba za wanafunzi wanaokimbia mbio zetu za mwisho wa mwaka, husimama mjumbe akatukumbusha kwamba Abebe Bikila alishinda Olimpiki akiwa peku, kwa hiyo fedha za raba ziende kwenye mabati. Ni kweli alishinda peku. Ila hiyo ni siku moja katika maisha ya miaka 41, na sisi tumeona tuyasimulie maisha yote.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nyanda za juu za Shewa nchini Ethiopia. Ni nchi ya baridi, vilima na mifugo, na mtu wa Mbulu akifika huko hataona ugeni mkubwa. Alikuwa na miaka mitatu majeshi ya Italia yalipoivamia nchi yake mwaka 1935, na hayakuondolewa hadi mwaka 1941. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga na kutembea mwendo mrefu kwa miguu. Katika miaka ya 1950 alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie huko Addis Ababa. Hapo ndipo kocha Onni Niskanen, raia wa Sweden, alipomwona na kuanza kumfundisha kukimbia kwa mpangilio.

Mwaka 1960 alikwenda Roma kwenye Michezo ya Olimpiki, na nje ya nchi yake hakuna aliyemjua. Viatu alivyozoea vilikuwa vimekwisha. Akanunua vingine palepale Roma, vikambana na kumtoa malengelenge. Kwa kuwa alikuwa amewahi kufanya mazoezi peku na nyayo zake zilishakomaa, yeye na kocha wake wakaamua aviache. Tunaomba hapo pasomwe mara mbili. Abebe hakuvua viatu kwa sababu viatu havifai. Alivua kwa sababu vile havikumtosha, na siku ya mashindano ilikuwa imefika.

Mbio zilikimbiwa jioni ya tarehe 10 Septemba na kumalizika gizani, njia ikimulikwa na mienge iliyoshikwa na askari. Muda mrefu alikwenda bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Karibu na mwisho njia ilipita kwenye mnara wa kale wa Aksum, ambao Waitalia waliunyakua Ethiopia na kuusimamisha Roma mwaka 1937. Abebe na kocha wake walikuwa wamepanga kwamba hapo ndipo pa kuongeza kasi, na ndivyo alivyofanya. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi mpya ya dunia, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Wengi wetu hadithi tunayoijua inaishia hapo. Yeye aliendelea. Mwaka uliofuata alikwenda kukimbia Osaka, Japani, ambako mtengenezaji wa viatu Kihachiro Onitsuka alimtafuta na kumshawishi kwamba barabara zina vipande vya chupa na kwamba kiatu chepesi kinachomkaa vizuri hakitampunguzia mwendo. Abebe akakubali, akavaa, akashinda. Mwaka 1963 alikimbia Boston akawa wa 5, kwa maana hakuwa mtu asiyeshindwa.

Septemba 1964, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alipasuliwa kidole tumbo. Wengi walidhani atakwenda kutazama tu. Tarehe 21 Oktoba alisimama kwenye mstari amevaa raba na soksi, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Ilikuwa rekodi ya dunia tena, na aliyemfuata alifika zaidi ya dakika 4 baadaye. Hakuna aliyewahi kabla yake kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alipovuka mstari alianza kunyoosha viungo uwanjani, watu wakimtazama wasiamini.

Mwaka 1968 alikwenda Mexico City akiwa na jeraha la mfupa mguuni. Baada ya kilomita 17 hivi alitoka, na mwenzake Mamo Wolde akailetea Ethiopia dhahabu ya tatu mfululizo. Katika mbio hizohizo alikuwemo mtu wetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti njiani, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza likiwa limeshaingia. Tumezoea kujivunia aliyemaliza. Na aliyetoka tusimwite mwoga, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umegoma kabisa.

Tarehe 22 Machi 1969 gari lake dogo aina ya Volkswagen lilipata ajali. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akatibiwa kwa miezi kadhaa. Mikono ilirudi, miguu haikurudi. Mwaka 1970 alishiriki michezo ya watu wenye ulemavu hapo Uingereza, akapiga mishale na kucheza mpira wa meza akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1971 alikwenda Norway akashinda mbio za kigari cha theluji. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973. Maelfu ya watu walimzika, na Mfalme mwenyewe alikuwepo.

Sasa turudi nyumbani, na kwanza tukiri kosa letu. Mwaka juzi sisi wa kamati ya fedha tulinunua jozi 60 za raba kwa bei ya jumla, namba kama zilivyopangwa kwenye maboksi, bila kupima mguu hata mmoja. Tuliona tumebana matumizi. Zilipofika, waliopata za kuwatosha hawakufika nusu. Binti mmoja wa darasa la sita aliweka matambara kwenye vidole ili kiatu kisimvuke, akatoka mbioni kabla ya nusu ya njia, visigino vinatoka damu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemaliza wa pili, peku. Katika taarifa tuliandika kwamba jozi 60 zimegawiwa, na mkaguzi akapitisha. Risiti zilikuwa sahihi. Kazi haikuwa sahihi, na tunawaomba radhi wachangiaji na wazazi.

Mwaka huu walimu wamechora mguu wa kila mwanafunzi kwenye karatasi, jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo ifikapo jioni. Juu ya kidole kirefu tunaacha nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisichezecheze. Raba ya mtumba itapokelewa ikiwa soli haijalika upande mmoja. Zote zitafika wiki sita kabla ya mbio ili watoto wazizoee, na atakayetaka kukimbia peku kwa sababu amezoea, hatalazimishwa. Njia ya kilomita 5 itakuwa wazi pia kwa wanaotembea na wanaotumia viti vya magurudumu.

Kwa ninyi mnaotoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kuja kukimbia nasi, msije na raba mliyoinunua jana yake. Vaeni ile iliyowazoea.

Wanafunzi waliopimwa ni 48. Namba ya kila mguu na bei ya kila jozi vipo kwenye ukurasa wa michango. Mwanachama anaweza kuchukua mguu mmoja, miwili au darasa zima, na jina la mtoto litabaki kwa mwalimu. Mabati nayo hatujayasahau, yana fungu lake.

Tukutane nyumbani mwisho wa mwaka.