William Herschel: Mwanamuziki Aliyejifunza Ufundi

William Herschel alizaliwa mwaka 1738 katika mji wa Hannover, ambao sasa umo nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa jeshi, naye alimfundisha mwanawe kazi hiyo. Mwaka 1757 Herschel alihamia Uingereza. Baadaye alikaa katika mji wa Bath, akipiga kinanda kanisani na kufundisha watu muziki.

Usiku, baada ya kazi, alisoma vitabu vya elimu ya nyota. Alitamani sana kuzitazama nyota kwa darubini kubwa. Basi aliandika barua London kuuliza bei ya kioo chake. Alijibiwa kwamba kioo kikubwa kiasi hicho hakikuwapo, na kwamba kukitengeneza kungegharimu fedha nyingi. Hapo aliazimia kukitengeneza mwenyewe, ingawa hakuwa fundi.

Mwaka 1773 alinunua vifaa vya mtu aliyekuwa ameacha kazi ya kusugua vioo. Nyumba yake ikageuka karakana. Ndugu yake, Alexander, alisimamisha mashine ya kukerezea katika chumba cha kulala. Mashine hiyo huzungusha kipande cha mti au cha madini, huku chuma kikali kikikichonga hadi kiwe cha mviringo.

Vioo vya Herschel vilikuwa vya madini, yaani shaba na bati zilizoyeyushwa pamoja. Kila kioo kilisagwa hadi uso wake ukabonyea kidogo katikati. Uso wa namna hiyo hukusanya mwanga wa nyota mahali pamoja. Kisha kilisuguliwa mpaka kikang'aa. Safari moja Herschel alisugua kioo kwa saa 16 bila kuinua mikono. Dada yake, Caroline, alimlisha chakula kinywani.

Tarehe 13 Machi 1781, Herschel aliona angani kitu chenye umbo la duara dogo. Alidhani ni nyota yenye mkia. Wataalamu walipokichunguza, walitambua kuwa ni sayari. Sayari hiyo, Uranusi, ndiyo ya kwanza kugunduliwa kwa darubini.

Agosti ya mwaka huo alijaribu kusubu kioo kikubwa zaidi. Tanuri lilivuja, madini ya moto yakamwagika, na mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka huku na huku. Wote waliokuwamo walikimbia nje ili kuokoa maisha yao. Hata hivyo Herschel hakukata tamaa. Mwaka 1782 Mfalme George III alimpa mshahara, naye akaacha kazi ya muziki. Mwaka 1789 alimaliza darubini yenye urefu wa meta 12 hivi. Alifariki mwaka 1822.

Maswali
1. Kwa nini Herschel aliamua kujitengenezea kioo?
2. Uso wa kioo uliobonyea hufanya nini kwa mwanga?
3. Taja hatari moja ya kuyeyusha madini. Fundi ajikinge vipi?