Mwalimu Oliver Tambo na Mlango wa Kurudi Shuleni

Wapitao Dakawa kwa barabara ya Dodoma huyaona mashamba ya mpunga na Mto Wami, wakaendelea na safari. Wachache hukumbuka kwamba hapa waliishi mamia ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia kwao, na kwamba kiongozi wao alikuwa mwalimu wa sekondari, tena Mwanglikana mwenzetu. Tunapenda kueleza habari zake, hasa kwa wazazi na walimu wenye vijana wa sekondari.

Oliver Tambo alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Nkantolo, Bizana. Jina la nyumbani lilikuwa Kaizana. Alipoanza shule mwalimu alidai jina la Kiingereza, na wazazi wakampa Oliver. Baba yake hakuwa msomi, lakini alitaka sana watoto wake wasome. Kijana aliingia shule ya misheni ya Holy Cross, na kwa kuwa ada ilikuwa kubwa kwa wazazi, ndugu wawili wa kike Waingereza, ambao hawajapata kumwona, walituma paundi kumi kila mwaka.

Kutoka hapo alikwenda St Peter's, Johannesburg, sekondari iliyoongozwa na watawa wa Kianglikana wa Shirika la Ufufuo. Kabla hajamaliza masomo yake huko alikuwa amekwisha kufiwa na baba na mama. Hata hivyo mwaka 1938 alifaulu kwa daraja la kwanza, akaenda Chuo cha Fort Hare, na mwaka 1941 akapata shahada ya sayansi.

Mwaka uliofuata alikuwa akisomea ualimu hapo hapo chuoni. Wanafunzi waligombana na wakuu juu ya kucheza tenisi siku ya Jumapili. Wakuu wakataka kila mmoja atie sahihi ahadi ya utii iliyogusa hata mambo ya ibada. Oliver aliingia kanisani kuomba, akatoka akiwa na hakika kwamba dhamiri yake haimruhusu kutia sahihi. Akafukuzwa. Yatima, hana kazi, na cheti chake cha ualimu kimepotelea njiani.

Hapa ndipo tunapopenda msomaji atulie kidogo. St Peter's ilimfungulia mlango kijana aliyefukuzwa, ikampa darasa la hesabu na sayansi. Alifundisha tangu 1943 hadi 1947. Waliosoma kwake walisema kwamba hakuwa mwepesi wa kuwapa jibu. Aliuliza swali, akangoja, akauliza jingine, mpaka mwanafunzi mwenyewe akafika. Kati ya vijana wa shule hiyo alikuwamo Duma Nokwe, ambaye baadaye alikuwa mwanasheria na Katibu Mkuu wa chama cha ANC.

Bwana Tambo akaacha ualimu akasomea sheria, na mwaka 1952 akafungua ofisi pamoja na Nelson Mandela. Alikuwa amekwisha kukubaliwa kuandaliwa kwa upadre, lakini Desemba 1956 akakamatwa kwa shitaka la uhaini. Mwaka huo huo St Peter's ilifungwa, kwa kuwa watawa walikataa kuiendesha chini ya sheria ya elimu ya kibaguzi. Mwaka 1960 chama kilimtuma nje ya nchi, naye hakurudi kwao kwa miaka thelathini.

Baada ya machafuko ya Soweto ya 16 Juni 1976, vijana wengi walivuka mipaka bila wazazi. Serikali ya Tanzania ilitoa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, na shule ikaanza. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1982 ikaongezwa ardhi ya Dakawa, ambako wageni walipimwa kiwango chao cha masomo kabla ya kuanza shule. Bwana Tambo ndiye aliyeifungua rasmi shule ya Mazimbu mwaka 1985.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Vijana wale walikuwa wameona risasi na vifungo, na walimu wao ndio waliokuwa baba na mama. Wengine walivunja taratibu wakapelekwa Dakawa, na waliiona kama adhabu. Wasichana waliopata mimba waliachishwa masomo kwa muda, wakahamia kituo cha akina mama pale Morogoro. Lakini walikuwa na mahali pa kulea, na masomo yaliweza kuwangoja. Katika shule zetu wenyewe ilikuwa hadi Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi.

Nasi tuna la kuungama. Tulipokuwa walimu vijana, mwanafunzi mmoja alifukuzwa mstarini, mbele ya wenzake wote. Alibeba sanduku lake akapita dirishani petu, nasi tukaendelea kuandika ubaoni. Hatukumfuata kumwuliza kulikoni. Hatukujua alikokwenda, wala hatujui hadi leo.

Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992. Bwana Tambo alifariki tarehe 24 Aprili 1993, mwaka mmoja kabla watu wake hawajapiga kura.

Siku hizi shule nyingi zina mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Ni jambo jema, lakini mwalimu mmoja hawezi kuwafikia wanafunzi mia kadhaa. Basi mzazi na amtafute mwalimu huyo kabla ya kuitwa, na mwalimu na amwulize kijana swali kisha angoje jibu. Na katika mtaa wetu, kama yupo aliyefukuzwa au aliyeacha shule kwa sababu ya mtoto, tumwendee juma hili. Huenda bado anangoja mtu wa kumwuliza.