Matsushita: Mfanyabiashara aliyefunzwa na redio mbovu

MIKOCHENI, Dar es Salaam, ni eneo linalojulikana kwa vituo vya redio na televisheni. Sauti zinazorushwa kutoka huko humfikia mkulima shambani kwa redio ndogo au simu ya mkononi.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya transista, redio ilikuwa sanduku zito lenye valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambavyo waya wake wa ndani hupata moto na kung'aa kama taa. Valvu ndizo zilizokuza sauti. Moja ikiungua au kulegea, redio nzima hunyamaza.

Redio za aina hiyo nusura zimharibie jina Konosuke Matsushita, Mjapani ambaye kampuni yake ilikuja kutengeneza redio na betri za National jijini Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1960.

Alizaliwa Novemba 27, 1894, katika kijiji cha Wasa, Wakayama. Baba yake alikuwa na mashamba, lakini aliyapoteza kwa kubahatisha bei ya mchele sokoni. Akiwa na miaka tisa, Matsushita aliacha shule na kupelekwa Osaka kutumikia dukani, kwanza kwa muuza majiko ya mkaa, kisha kwa muuza baiskeli.

Alipofikisha miaka 15 aliajiriwa na kampuni ya umeme. Mwaka 1917 aliacha kazi ili atengeneze soketi ya taa aliyoibuni mwenyewe. Wanunuzi hawakuitaka. Mkewe, Mumeno, aliweka nguo rehani ili wapate kula. Waliokolewa na oda ya vibao 1,000 vya kuhami umeme kwenye feni, na Machi 7, 1918 akaanzisha kampuni yake.

Mwaka 1923 alitoa taa ya baiskeli ya betri iliyowaka zaidi ya saa 30, wakati nyingine zilizima baada ya saa chache. Wenye maduka hawakuamini. Aliwaachia taa bila malipo, waziwashe na kuzitazama wenyewe, walipe wakiridhika. Oda zikafuata.

Mwaka 1930 aliingia kwenye redio kwa kushirikiana na kiwanda kilichokuwa tayari kikizitengeneza. Muda si mrefu redio zikaanza kurudishwa kwa wingi. Nyingine zilikuwa na kasoro ndogo tu, kama skrubu au valvu iliyolegea, lakini mawakala wake walikuwa wauza vifaa vya umeme, si mafundi redio. Walikasirika, na imani waliyokuwa nayo kwake kwa miaka mingi ikawa hatarini.

Mshirika wake alishauri redio ziuzwe na maduka yenye mafundi pekee. Matsushita alikataa. Aliona dawa si kumtafuta muuzaji anayejua kutengeneza redio mbovu, bali kuunda redio isiyoharibika ovyo. Wakaachana.

Kazi hiyo alimpa mhandisi wake, Tetsujiro Nakao, ambaye hakuwa mtaalamu wa redio. Nakao aliposita, bosi wake alimkumbusha kuwa kuna vijana wanaonunua valvu na vipuri madukani na kujiundia redio nyumbani. Iweje kiwanda kishindwe? Baada ya takriban miezi mitatu redio ya valvu tatu ilikuwa tayari, na mwaka 1931 ikashika nafasi ya kwanza katika mashindano ya shirika la utangazaji la Japan, NHK.

Kikwazo kingine kilikuwa hataza. Mtu mmoja alimiliki haki ya teknolojia muhimu ya valvu, na watengenezaji walibanwa. Mwaka 1932 Matsushita aliinunua haki hiyo kwa fedha zake, kisha akawaruhusu wote kuitumia bure, wakiwamo washindani wake.

Vita Kuu ya Pili, ambapo kampuni yake ilizalisha hata meli na ndege za mbao kwa ajili ya jeshi, ilimwachia madeni makubwa. Alijenga upya, na alipofariki dunia Aprili 27, 1989, akiwa na miaka 94, kampuni hiyo, ambayo tangu mwaka 2008 inaitwa Panasonic, ilikuwa miongoni mwa kubwa duniani katika vifaa vya umeme.

Kwa mwenye duka au muuza mazao, kisa cha mwaka 1930 ndicho cha kukumbuka. Mzigo uliorudishwa ulimwonyesha Matsushita mahali pa kurekebisha, naye akaanzia kwenye bidhaa yenyewe.