Al-Kindi, Fundi wa Kufumbua Mafumbo

Mwuza omena wa Sori, kando ya Ziwa Viktoria huko Migori, akilipa kwa simu, namba yake ya siri hufumbwa na kompyuta isisomeke njiani. Tapeli hahangaiki na fumbo hilo. Humpigia simu, akamtia hofu ya kupoteza fedha au tamaa ya zawadi, mpaka mwenyewe akaitaja namba. Mambo hayo mawili, maandishi ya siri na udhaifu wa moyo, mwanachuoni mmoja aliyatungia risala zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Naye ni Abu Yusuf Yaakub al-Kindi, aliyezaliwa Kufa yapata mwaka 801, babake akiwa liwali wa mji huo. Huko Baghdad, Khalifa al-Mu'tasim alimkabidhi mwanawe amsomeshe.

Al-Kindi alieleza kwamba katika kila lugha ziko herufi zinazojirudia kupita nyingine. Zihesabu katika maandishi ya wazi, kisha uzihesabu alama za yale yaliyofumbwa. Alama iliyozidi yaelekea kuwa ndiyo herufi iliyozidi. Kwa Kiswahili chetu ni a, na msomaji aweza kujihakikishia papa hapa ukurasani. Hata Waingereza waliokaa skuli ya Allidina Visram, Mombasa, mwaka 1942, wakichambua simu za siri za Wajapani, waliifuata njia iliyofunguliwa naye. Kompyuta za leo huvuruga herufi hata hesabu hiyo isifae, ndipo mwizi akaugeukia moyo.

Na juu ya moyo, al-Kindi aliandika kwamba huzuni ni maumivu ya nafsi kwa kupotewa na kipendwacho au kukosa kitafutwacho. Tapeli wa simu hubonyeza hapo hapo, ingawa sidhani amepata kulisikia jina hilo.

Mwenyewe naye hila zilimpata. Wana wa Musa, wataalamu wenzake, walimfitini kwa Khalifa al-Mutawakkil. Akapigwa, na vitabu vyake vikachukuliwa. Wapokezi wasimulia kwamba baadaye mfereji waliokabidhiwa wana hao ulikosewa mdomoni, na Khalifa akamtuma Sanad bin Ali aukague. Wakamwendea Sanad awaokoe shingo zao. Sanad hakuwa akipatana na al-Kindi, lakini alikataa kuwasaidia mpaka vitabu virudishwe. Vikarudishwa, ikaletwa na hati ya al-Kindi kwamba amevipokea vyote.

Alifariki Baghdad yapata mwaka 873.