Georges-Eugène Haussmann

Georges-Eugène Haussmann (Paris, 27 Machi 1809 – Paris, 11 Januari 1891), anayejulikana zaidi kama Baron Haussmann, alikuwa mtumishi wa serikali na mwanasiasa wa Ufaransa. Kuanzia mwaka 1853 hadi Januari 1870 alikuwa prefekti wa Seine, yaani mkuu wa mkoa uliokuwa na jiji la Paris ndani yake, chini ya Kaisari Napoleon III.

Anakumbukwa kwa kubomoa sehemu kubwa ya Paris ya kale na kujenga mahali pake barabara pana, mifereji ya majitaka, bustani na nyumba za ghorofa za mawe ambazo hadi leo ndizo sura ya jiji hilo. Kazi yake ilipunguza msongamano na kuleta maji safi, lakini pia iliwaondoa maelfu ya wapangaji maskini katikati ya jiji na kuliachia jiji deni kubwa.

Asili na elimu

Haussmann alizaliwa katika familia ya Kiprotestanti yenye asili ya Alsace. Babu yake mzaa mama, Jenerali Dentzel, alikuwa na cheo cha baron, na kutokana naye Haussmann alianza baadaye kujiita baron.

Alisoma katika shule za Paris, kisha akajifunza sheria. Pamoja na hayo alipenda muziki na alihudhuria masomo katika chuo cha muziki cha Paris.

Mwaka 1831, baada ya mapinduzi ya Julai 1830 yaliyomweka mfalme Louis-Philippe madarakani, aliingia katika utumishi wa serikali mjini Poitiers. Kwa miaka mingi alikuwa prefekti msaidizi katika miji midogo, ikiwemo Yssingeaux, Nérac, Saint-Girons na Blaye. Mwaka 1838 alimwoa Octavie de Laharpe huko Bordeaux, wakapata mabinti wawili.

Louis-Napoléon Bonaparte alipochaguliwa kuwa rais wa Ufaransa Desemba 1848, Haussmann alijiunga upande wake na kupanda vyeo haraka: prefekti wa Var mwaka 1849, wa Yonne mwaka 1850 na wa Gironde mwaka 1851. Tarehe 2 Desemba 1851 rais huyo aliipindua katiba, na mwaka uliofuata akawa Kaisari Napoleon III.

Paris kabla ya Haussmann

Mwaka 1801 Paris ilikuwa na wakazi wapatao nusu milioni. Kufikia mwaka 1851 walikuwa wamepita milioni moja, lakini eneo la jiji lilikuwa lilelile. Katika mitaa ya kati nyumba ziligawanywa vyumba vidogovidogo, ua zilijazwa vibanda, na vichochoro vingi havikupitisha hata gari la farasi. Watu walitumia maji ya mto Seine na ya mfereji wa Ourcq, wakati maji machafu yaliishia katika mto huohuo.

Kipindupindu cha mwaka 1832 kiliua zaidi ya watu 18,000 jijini, na ugonjwa huo ulirudi mwaka 1849. Vichochoro hivyo vilikuwa pia ngome za waasi: katika mapinduzi ya mwaka 1830 na ya 1848 wananchi waliziba njia kwa mawe na mbao, na jeshi likapata shida kupita.

Wazo la kufungua barabara mpya halikuanza na Haussmann. Napoleon I alikuwa ameanza barabara ya Rivoli, na Prefekti Rambuteau alikuwa amepanua baadhi ya njia kabla ya mwaka 1848. Napoleon III alitaka kazi hiyo ifanywe kwa haraka na kwa upana zaidi. Prefekti Berger, aliyekuwepo wakati huo, aliogopa kuliingiza jiji katika madeni, hivyo waziri wa mambo ya ndani, Persigny, akatafuta mtu asiye na hofu hiyo. Haussmann aliteuliwa mwezi Juni 1853. Kaisari alimwonyesha ramani ya jiji ambayo yeye mwenyewe alikuwa amechora juu yake, kwa rangi mbalimbali, barabara alizozitaka.

Sheria za kubomoa na kujenga

Paris haikuwa na meya wa kuchaguliwa wakati huo, na wajumbe wa baraza la jiji waliteuliwa na serikali. Kwa hiyo prefekti alikuwa na mamlaka makubwa, lakini bado alihitaji sheria ya kumwezesha kugusa mali ya watu.

Sheria ya mwaka 1841 iliruhusu serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kwa sharti kwamba mwenye ardhi alipwe fidia iliyopangwa na baraza la wenye mali. Amri ya tarehe 26 Machi 1852 iliongeza nguvu hiyo. Jiji liliweza sasa kutwaa kiwanja kizima, si ukanda wa barabara peke yake, iwapo kipande kilichobaki hakikufaa kujengewa nyumba yenye afya. Amri hiyo pia ilimtaka kila mjenzi apeleke ramani kabla ya kuanza kazi, aelekeze maji ya nyumba mpya kwenye mfereji wa majitaka pale ulipokuwepo, na wenye nyumba wasafishe kuta za mbele angalau mara moja kila miaka 10.

Amri ya tarehe 27 Julai 1859 ilipanga urefu wa nyumba kulingana na upana wa barabara. Katika barabara zenye upana wa mita 20 au zaidi, ukuta wa mbele uliruhusiwa kufika mita 20. Katika njia nyembamba zaidi urefu ulipungua kwa ngazi, hadi mita 11.70 kwa njia zisizofika mita 7.80. Paa lilipaswa kuinama kwa nyuzi 45. Jiji lilipouza viwanja kando ya barabara mpya, mikataba ilidai pia kwamba nyumba za jirani zilingane katika mistari mikuu ya kuta, roshani na mapaa. Ndiyo sababu barabara nyingi za Paris zinaonekana kama ukuta mmoja mrefu, ingawa kila nyumba ilijengwa na mwenyewe.

Barabara mpya

Kazi iligawanywa katika mitandao mitatu. Mtandao wa kwanza ulikuwa msalaba mkubwa katikati ya jiji: barabara ya Rivoli ilirefushwa kuelekea mashariki, na barabara za Sébastopol na Saint-Michel zikaliunganisha jiji kutoka kaskazini hadi kusini. Sébastopol ilifunguliwa mwaka 1858. Mtandao wa pili, uliokubaliwa mwaka huohuo, ulikadiriwa kugharimu faranga milioni 180, na serikali kuu ililipa milioni 50 kati ya hizo. Mtandao wa tatu ulihusu hasa kuunganisha mitaa ya pembeni, na jiji lilibeba gharama zake lenyewe.

Tarehe 1 Januari 1860 mipaka ya jiji ilipanuliwa. Vitongoji kama Belleville, Montmartre, Passy na Auteuil viliingizwa ndani, na wilaya za jiji zikaongezeka kutoka 12 hadi 20.

Kisiwa cha Cité, kilicho kitovu cha jiji la kale, kilibadilika kuliko mahali pengine popote. Nyumba zilizozunguka kanisa kuu la Notre-Dame zilibomolewa, na idadi ya wakazi wa kisiwa ikashuka kutoka takriban 15,000 hadi 5,000. Majengo ya serikali na hospitali yalichukua nafasi ya makazi. Hata nyumba ambamo Haussmann mwenyewe alizaliwa ilibomolewa.

Maji, majitaka na bustani

Haussmann alijua kuchagua wataalamu. Mhandisi Eugène Belgrand alileta maji ya chemchemi kutoka mbali. Mfereji wa Dhuis, wenye urefu wa kilomita 131, ulifikisha maji Paris mwaka 1865, na ule wa Vanne ulikamilika mwaka 1874. Mtandao wa mifereji ya majitaka chini ya ardhi uliongezeka kutoka kilomita 150 hivi hadi zaidi ya 500. Hata hivyo majitaka hayo yalimwagwa mtoni upande wa chini wa jiji, na nyumba nyingi ziliendelea kutumia mashimo ya choo hadi sheria ya mwaka 1894 ilipolazimisha kuunganishwa na mfereji.

Mhandisi Adolphe Alphand alisimamia bustani. Misitu ya Boulogne na Vincennes iligeuzwa kuwa mahali pa mapumziko, na bustani ya Buttes-Chaumont ilifunguliwa mwaka 1867 mahali palipokuwa na machimbo, karibu na mitaa ya wafanyakazi.

Hali ya wapangaji

Kati ya mwaka 1853 na 1870 nyumba karibu 20,000 zilibomolewa na zaidi ya 30,000 zilijengwa. Kwa hesabu hiyo jiji lilipata nyumba zaidi kuliko ilizopoteza. Lakini hazikuwa nyumba za watu walewale.

Mwenye nyumba alilipwa fidia, na mara nyingi baraza la wenye mali lilimpangia kiasi kikubwa. Mfanyabiashara mwenye mkataba wa pango aliweza pia kudai. Mpangaji wa chumba asiye na mkataba wa maandishi alipewa notisi tu, akatafuta pengine pa kulala. Katika nyumba mpya zilizotazama barabara kuu, kodi ilipita uwezo wake.

Wengi walihamia mashariki na kaskazini, kama Belleville na Ménilmontant, au nje kabisa ya jiji, mbali na kazi zao. Wengine walibanana katika vichochoro vilivyosalia nyuma ya barabara mpya, ambako kodi nazo zilipanda. Katika nyumba nyingi za kale matajiri walikaa ghorofa za chini na maskini za juu, mlango mmoja. Baada ya ujenzi huo tofauti kati ya magharibi ya kitajiri na mashariki ya wafanyakazi ilizidi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi husema watu 350,000 walihamishwa.

Wajenzi wenyewe waliguswa. Maelfu ya waashi walitoka vijiji vya Creuse na Limousin, na walizoea kulala katika vyumba vya pamoja vya bei nafuu karibu na makao makuu ya jiji. Mitaa hiyo ilikuwa miongoni mwa iliyobomolewa mapema.

Napoleon III aliunga mkono miradi michache ya nyumba za wafanyakazi, kama Cité Napoléon katika mtaa wa Rochechouart, lakini ilikuwa midogo mno ikilinganishwa na mahitaji. Haussmann aliamini kwamba wenye mtaji wangejenga nyumba za kutosha na kodi ingeshuka yenyewe.

Madeni na kuondolewa madarakani

Haussmann alitarajia kwamba jiji lingetwaa ardhi, lijenge barabara, kisha liuze viwanja vya kando kwa bei iliyopanda. Desemba 1858 Baraza la Taifa la Ufaransa la masuala ya utawala liliamua kwamba ardhi isiyohitajika kwa barabara irudishwe kwa wenyewe. Tangu hapo faida ya kupanda kwa bei iliwaendea zaidi wenye ardhi na walanguzi, huku gharama ikibaki kwa jiji. Ulanguzi huo ndio msingi wa riwaya ya Émile Zola, La Curée.

Jiji lilikopa waziwazi mwaka 1855, 1860 na 1865. Zaidi ya hapo, makandarasi walitanguliza fedha za kazi na za fidia, kisha jiji likaahidi kuwalipa kwa awamu kwa miaka kadhaa. Ahadi hizo ziliuzwa kwa benki ya Crédit Foncier. Kwa njia hiyo jiji lilikuwa na deni la karibu faranga milioni 400 ambalo bunge halikuwa limeliidhinisha. Gharama za kazi yote zilifika takriban faranga bilioni 2.5.

Mwanasheria Jules Ferry, aliyekuja kuwa waziri mkuu baadaye, alishambulia hesabu hizo katika makala zilizochapishwa miaka ya 1867 na 1868. Wakati huohuo wakazi walilalamikia kukatwa kwa sehemu ya bustani ya Luxembourg. Mwaka 1869 bunge lilijadili madeni ya Paris kwa wiki kadhaa. Januari 1870 Émile Ollivier aliunda serikali mpya, na Haussmann, aliyekataa kujiuzulu, aliachishwa kazi. Hakuna ushahidi uliopatikana kwamba alijitajirisha kwa fedha za jiji.

Miaka ya mwisho na kifo

Mwezi Septemba 1870 utawala wa Napoleon III ulianguka katika vita dhidi ya Prussia. Mwaka 1871 wafanyakazi wa Paris waliunda Komuni na kulitawala jiji kwa wiki chache. Barabara mpya hazikuwazuia kujenga vizuizi, ingawa zililisaidia jeshi kuwashinda.

Haussmann alikuwa mbunge wa Ajaccio, Korsika, kuanzia mwaka 1877 hadi 1881. Kisha aliandika kumbukumbu zake katika juzuu tatu, zilizotolewa kuanzia mwaka 1890. Mke wake alifariki Desemba 1890, naye akamfuata Januari 1891. Alizikwa katika makaburi ya Père-Lachaise, ambayo yako mashariki mwa jiji, jirani na mitaa walikohamia wengi wa wale waliobomolewa.

Urithi

Mipango yake iliendelea baada yake: barabara ya Opéra ilikamilishwa miaka ya 1870, na ile yenye jina lake ilimalizika mwaka 1927. Miji mingine ilijifunza kutoka Paris. Ismail Pasha wa Misri, aliyetembelea maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, aliporudi alianzisha mitaa mipya ya Kairo kwa mfano huo.

Wataalamu wa mipango miji bado wanabishana juu yake. Wanaomsifu hutaja maji, mifereji, bustani na kanuni za ujenzi zilizolipa jiji sura moja. Wanaomlaumu hukumbusha kwamba sheria zake zilihesabu kuta na viwanja, wala hazikumhesabu mpangaji. Suala hilo la nani alipwe fidia na nani aondoke mikono mitupu hurudi kila jiji linapobomoa ili lijenge upya.