Mchungaji Thomas Bayes, Mpima wa Dalili

Thomas Bayes alizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1700. Baba yake, Joshua, alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Siku zile wasiokuwa Waanglikana hawakuweza kupata digrii Oxford wala Cambridge. Hivyo mwaka 1719 kijana Thomas alikwenda kusoma Edinburgh. Baadaye alichunga waumini wa kanisa dogo katika mji wa Tunbridge Wells kwa miaka mingi.

Mchungaji huyu alipenda hesabu, na mwaka 1742 aliingizwa katika Royal Society, chama cha wataalamu cha London. Alitafuta jambo moja: mtu akipata dalili mpya, abadili kwa kiasi gani yale aliyoyadhani kwanza? Kazi hiyo hakuichapisha. Alifariki mwaka 1761, na rafiki yake, Mchungaji Richard Price, akaikuta katika karatasi zake. Price aliitengeneza, ikasomwa mbele ya chama kile mwaka 1763.

Ndugu wasomaji, hesabu hiyo imefika hata katika simu zetu. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani walionyesha jinsi ya kuitumia kuchuja barua pepe za ovyo. Kompyuta hufundishwa kwanza kwa barua nzuri na mbaya. Tuseme neno "zawadi" limo katika barua 20 kwa kila 100 za ovyo, lakini katika 1 tu kwa kila 100 nzuri. Ikiwa barua za aina zote mbili huja kwa wingi sawa, neno hilo peke yake huipa barua uzito wa 20 kwa 1 kwamba ni ya ovyo. Lakini tuseme neno "Ipagala" limo katika 1 kwa kila 100 za ovyo na 10 kwa kila 100 nzuri. Barua yenye maneno yote mawili hushuka hadi 2 kwa 1. Hapo haitupwi, maana chujio husubiri uzito mkubwa zaidi. Huenda ni habari ya zawadi ya kwaya yetu! Kupokea barua mbaya moja ni usumbufu tu. Kutupa barua njema ni hasara.

Machujio ya leo yana na njia nyingine, lakini hayakamati yote. Ukiletewa ujumbe wa kutuma pesa upesi, pima kama Bayes. Namba ngeni ni dalili moja. Haraka ni ya pili. Kutajwa jina la mwanao si uthibitisho, kwa kuwa hata tapeli aweza kulijua. Mpigie mwanao kwa namba uliyoizoea kabla ya kutuma hata shilingi. Ukiona ni utapeli, peleka ujumbe huo kwa namba 15040.

Mchungaji Bayes alizikwa Bunhill Fields, London. Kazi yake ilikaribia kupotea kama karatasi za kawaida, ikaokolewa na rafiki aliyeisoma kwanza kabla ya kuamua.